Je, Aliyepasuliwa Ana Deni la Kupona?

Katika nchi yetu ipo desturi moja njema ambayo hata maskini huishika. Mtu akiandikiwa kupasuliwa hospitalini, ukoo hukutana, jumuiya hukutana, na kila mmoja hutoa alicho nacho. Huyu hutoa fedha, yule huuza mbuzi, na mwingine asiye na kitu huahidi kulala hospitalini kumwuguza ndugu. Siku ya kisu ikipita salama, habari huenea upesi, watu humshukuru Mungu, na baada ya majuma machache huombwa Misa ya shukrani na kufanywa karamu nyumbani. Hapo wote waliochanga huja kumwona ndugu yao. Desturi hii ni ya utu na ya Kikristu, nasi twaomba isife.

Lakini katika karamu hiyo hiyo huzaliwa jambo jingine lisilosemwa kwa sauti. Waliochanga humtazama mgonjwa kama mtu aliyepanda shamba na sasa amekuja kuona mavuno. Wataka kumwona amenenepa. Wataka kumwona akila. Naye asipokula, au akila kidogo, au akisema kwamba bado aona maumivu, watu hunong'onezana: "Fedha zetu zimekwenda wapi?" Wengine humwambia usoni, kwa mzaha usio mzaha, kwamba sasa hana udhuru tena. Basi juma hili twataka kuuliza swali ambalo laonekana dogo. Mtu aliyepasuliwa kwa gharama ya ndugu zake, je, ana deni la kupona? Na sisi tuliomsaidia, je, tuna haki ya kumdai?

Ili tusijadili jambo hewani, na tuchukue ugonjwa mmoja ambao wengi hawajausikia kwa jina. Aliyevunjika mguu akiunganishwa vema atatembea, na kila mtu ataona kwa macho. Lakini yako maradhi ambayo kisu chayatuliza bila kuyaondoa, na mojawapo waganga huliita akalasia. Jina hilo limetoka katika lugha ya Kigiriki, na maana yake ni kutolegea.

Mungu amemwumbia mwanadamu njia ya chakula itokayo kooni hadi tumboni, nayo huitwa umio. Njia hiyo si bomba tu la kupitishia. Ni misuli hai. Mtu akimeza tonge, misuli hujikaza kwa zamu kutoka juu kwenda chini, ikilisukuma tonge mbele yake; na chini kabisa kipo kilango cha misuli, ambacho hukaa kimefungwa ili uchachu wa tumbo usipande juu, nacho hulegea mara mtu amezapo. Kwa mgonjwa wa akalasia, mishipa ya fahamu iliyomo katika ukuta wa umio hufa kidogo kidogo. Katika nchi za Amerika ya Kusini uko ugonjwa uenezwao na mdudu, uitwao Chagas, ambao huweza kuiua mishipa hiyo. Lakini kwingineko sababu yake haijathibitika hata leo. Msukumo hukoma, na kilango hakilegei. Chakula husimama kifuani kama wageni waliofika usiku mlangoni na bawabu amelala.

Tena si ugali na nyama tu. Hata maji husimama. Mgonjwa alalapo, kile kilichobaki katika umio hurudi kinywani, kikampalia, akaamka akikohoa; na mara nyingine huingia mapafuni na kuleta homa ya mapafu. Mwili hukonda. Kifua humwuma hata adhani ni moyo. Ugonjwa huu ni haba: katika watu 100,000 apatwaye upya kwa mwaka mmoja ni kama mtu mmoja hivi. Na kwa kuwa ni haba, mgonjwa aweza kuzunguka miaka mingi akipewa dawa za kiungulia na za vidonda vya tumbo, au akiambiwa kwamba ni mawazo yake tu, kabla hajafika mahali ambapo atanyweshwa dawa nyeupe mfano wa chokaa na kupigwa picha. Picha hiyo huonyesha umio uliopanuka juu, na chini umechongoka kama mdomo wa ndege.

(Hapa tuseme neno moja kando, maana laweza kuokoa mtu. Si kila ashindwaye kumeza ana akalasia. Katika Afrika yetu ya Mashariki saratani ya umio ipo kwa wingi kuliko katika sehemu nyingi za dunia, na wagonjwa wengi huenda hospitali wamechelewa. Mtu ambaye chakula chamkwama kifuani siku baada ya siku asingoje, asijitibu kwa majani, wala asiridhike na vidonge vya dukani. Aende akapimwe.)

Sasa na tufikiri maisha ya mgonjwa huyo katika nyumba zetu. Tumwazie mtu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye mke na watoto, aliyeishi na ugonjwa huu miaka saba. Katika desturi yetu chakula si shughuli ya mtu na sahani yake. Watu hukaa pamoja, hunawa pamoja, na mkono wa kila mmoja huingia katika sinia moja. Kula pamoja ni alama ya undugu, na kukataa chakula cha mtu kwakaribia kumshtaki kwamba ametia sumu. Basi mwalimu wetu hupita katika mashtaka yasiyoisha. Mama mkwe adhani kwamba mkwewe adharau mapishi ya binti yake. Mke hulia jikoni akidhani hivyo hivyo. Walimu wenzake wasema ana maringo, maana hali nao mchana. Akikonda, mtaa wasema ana ugonjwa ule usiotajwa. Halafu huja wa mwisho, naye ndiye mbaya kuliko wote, amnong'onezee kwamba amelogwa, kwamba kuna kitu kimewekwa kooni mwake, na kwamba yuko mzee ng'ambo ya mto awezaye kukitoa kwa fedha kiasi fulani.

Mtu wa namna hii hujifunza kujificha. Hufika karamuni amechelewa makusudi. Husema, "Ahsanteni, nimekula nitokako." Husema, "Nimeshiba," naye ana njaa ya siku mbili. Tonge likikwama, hutoka nje kana kwamba ameitwa, akaenda nyuma ya nyumba kulirudisha, akanawa uso, akarudi akicheka na wenzake.

Je, asema uongo? Mtakatifu Augustino aliandika vitabu viwili juu ya uongo, wala hakuacha mlango wazi hata kwa uongo wa huruma. Na Mtakatifu Tomaso wa Akwino alimfuata. Sisi tuliosoma seminarini twajua jinsi mizani hiyo ilivyo nyembamba, wala hatutaki kuivunja. Lakini twajua pia kwamba neno "nimeshiba" mdomoni mwa mgeni, kadiri ya desturi zetu, mara nyingi halitoi habari za tumbo lake, ni namna ya heshima ya kusema "nisameheni, siwezi kula." Na hata kama limo kosa, ni dogo kando ya kosa la meza ambayo yamfanya mtu aogope kusema kweli. Huko ndiko tungependa kuelekeza makemeo yetu.

Turudi kwa waganga. Mwaka 1674 mganga mmoja wa Uingereza, Thomas Willis, aliandika habari za mgonjwa wake asiyeweza kupitisha chakula. Alimtengenezea kijiti cha mfupa wa nyangumi, chenye sifongo nchani, na mgonjwa akawa akikisukuma chakula chake mwenyewe kwa kijiti hicho mpaka kishuke tumboni. Aliishi hivyo kama miaka 15. Mwandishi hakusema watu wa nyumba yake walimtazamaje kila jioni akitoa kijiti chake mezani. Twaweza tu kufikiri kwamba, kama walimpenda, walizoea.

Ilipita zaidi ya karne mbili kabla kisu hakijathubutu. Mwaka 1913, katika mji wa Leipzig, nchi ya Ujerumani, daktari Ernst Heller alikata misuli ya kilango kile kwa nje, akaacha ngozi laini ya ndani ikiwa nzima. Kazi yake ndiyo msingi hata leo. Tangu mwaka 1991 madaktari waweza kuifanya kwa matundu madogo tumboni wakitumia kamera, na mwaka 2008 daktari Haruhiro Inoue wa Japani alianza kuikata misuli hiyo kwa kupitia kinywani, bila kupasua tumbo. Wengine hupanua kilango kwa puto litiwalo upepo kwa nguvu. Kwa njia hizi zote wagonjwa walio wengi hupata nafuu kubwa. Mtu aliyekuwa akilala ameketi, asiyejua utamu wa bilauri ya maji, anywa na maji yapita. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu kwa machozi.

Lakini sikilizeni vema, maana swali letu lote lakaa hapa. Kisu hufungua kilango; hakifufui mishipa iliyokufa. Msukumo wa umio haurudi kama ulivyokuwa. Tangu siku ile chakula hushuka kwa uzito wake mwenyewe na kwa kusukumwa na maji, kama mtu ashukaye ngazi gizani kwa kupapasa. Majuma ya kwanza ni maji na uji mwepesi, kisha mtori, viazi vilivyopondwa, mayai laini. Baadaye atajaribu wali, halafu ugali kwa matonge madogo na mchuzi mwingi. Nyama ngumu na mkate mkavu huenda vikamshinda miaka yote. Lazima ale ameketi wima, atafune sana, anywe maji kati ya tonge na tonge, wala asile karibu na kulala. Na kwa kuwa kilango kilichokuwa hakifunguki sasa hakifungi sawasawa, uchachu wa tumbo waweza kupanda. Kwa hiyo madaktari wengi hukunja sehemu ya tumbo na kuishona pale iwe kama kizuizi, nao humpa dawa za kupunguza uchachu, na kumwagiza ainue upande wa kichwa wa kitanda chake. Maumivu ya kifua huweza kumrudia mara kwa mara. Wengine huhitaji kupanuliwa tena baada ya miaka. Na wote hushauriwa wasiache kuonana na daktari, maana umio uliougua muda mrefu wapasa kuangaliwa.

Hali hiyo ndiyo kupona kwake. Ameponywa kweli, na bado hayuko kama sisi.

Basi mwalimu wetu ameketi katika karamu ya shukrani, juma la sita baada ya kisu. Mjomba wake, aliyeuza ndama kwa ajili yake, amchagulia kipande kizuri cha nyama na kumwekea mbele ya watu wote. "Kula, mwanangu. Leo ni siku yako." Nyumba nzima yatazama. Mwalimu ajua kwamba nyama ile haitapita. Akiikataa, ndama wa mjomba amepotea bure. Akiila, itamkwama mbele ya kila mtu. Hapo ndipo deni la kupona linapomkaba kuliko ugonjwa wenyewe ulivyomkaba.

Tuulize sasa kwa utaratibu: mgonjwa adaiwa nini?

Wanateolojia wameitafuta mipaka ya deni hilo kwa muda mrefu, na yapendeza kujua kwamba mmoja wa wale walioanza kuitafuta aliianza mezani. Katika karne ya 16, Padre Francisco de Vitoria wa Shirika la Mtakatifu Dominiko, mwalimu wa chuo cha Salamanca, Hispania, aliuliza kama mgonjwa ambaye chakula kimemwia mateso ana wajibu wa kula. Alijibu kwamba uhai ni amana, hatuna ruhusa ya kuutupa. Awezaye kula akiwa na tumaini la kuishi hana budi kula. Lakini yule ambaye kula kumemgeukia kuwa kama adhabu, kwa sababu ya udhaifu na kuvunjika moyo, hana kosa la mauti akishindwa. Akaongeza kwamba hakuna mtu alazimikaye kutafuta vyakula vya thamani, kama kuku na vifaranga, hata kama waganga wasema vitamrefushia maisha. Kutoka katika mafundisho ya namna hii ulikua ule utengano ambao Kanisa lautumia hata leo, kati ya njia za kawaida za kutunza uhai na zile zipitazo kawaida. Baba Mtakatifu Pius XII aliueleza kwa madaktari mwezi wa Novemba, mwaka 1957: mtu afungwa na njia zile ambazo, kadiri ya hali yake, mahali pake na nyakati zake, hazimtwishi yeye wala wengine mzigo mzito kupita kiasi.

Kumbe hata njia ya kawaida hubadilika. Zamani walimu wa maadili walisita kumlazimisha mtu akubali kukatwa kiungo, kwa kuwa maumivu yalikuwa ya kutisha. Tangu mwaka 1846, dawa ya usingizi ilipoonyeshwa hadharani huko Boston, Marekani, mzigo huo umepungua sana. Lakini katika mabadiliko yote hayo jambo moja halikubadilika. Mgonjwa adaiwa kujitahidi kwa kadiri ya nguvu zake. Hakuna mwalimu aliyefundisha kwamba adaiwa kufaulu, maana hakuna awezaye kufungwa kwa lile lisilo katika uwezo wake. Mwalimu wetu akitafuna polepole, akimeza dawa zake, akirudi hospitalini siku aliyoagizwa, deni lake kwa Mungu juu ya mwili wake amelilipa, hata kama mbavu zake bado zahesabika.

Sisi hatusemi kwamba wagonjwa wote ni watakatifu. Wako waliozoea kulala na kutumikiwa, na kitanda kimekuwa kiti chao cha enzi. Wako waachao dawa kwa uvivu, au warudiao pombe juma lile lile, kisha waje kuomba mchango wa pili. Hao waonywe, na waonywe na mtu awapendaye. Vilevile mtunza mchango atoe hesabu ya kila shilingi, na mgonjwa asichukizwe na hesabu hiyo, kwa sababu haki yataka hivyo. Lakini hesabu ya fedha ni kitu kimoja, na hesabu ya mwili ni kitu kingine. Nina haki ya kuuliza kama shilingi yangu ilimfikia daktari. Sina haki ya kuuliza kwa nini umio wa ndugu yangu hausukumi.

Na shukrani je? Hapa wengi huchanganya mambo. Wasema, "Tulimsaidia, naye hata hafurahi." Mtakatifu Tomaso afundisha kwamba deni la shukrani ni tofauti na deni la sokoni. Aliyekopa gunia hulipa gunia. Lakini aliyepewa kwa upendo hutazama kwanza moyo wa mtoaji, ndipo kile kilichotoka mkononi mwake. Na ndiyo maana maskini kabisa aweza kulipa shukrani kamili bila kurudisha kitu. Kama ndivyo, mwalimu wetu aweza kumshukuru mjomba wake kikamilifu siku ambayo kifua chamwuma na sahani yake ni uji. Mjomba akitaka shukrani yake ipimwe kwa kilo za mwili wa mpwa wake, basi na ajiulize kama alitoa zawadi au alikopesha. Ndama wake hakupotea. Alinunua bilauri ya maji ipitayo.

Katika Injili ya Marko iko habari ambayo twaisoma upesi mno. Huko Bethsaida Bwana wetu aliletewa kipofu. Akamtoa nje ya kijiji, akamwekea mikono, kisha akamwuliza kama aona kitu. Yule mtu akatazama, akakiri kwamba aona watu, lakini waonekana kama miti itembeayo. Tumezoea kukimbilia mwisho, pale alipoona vizuri. Na tusimame kidogo katikati. Yesu mwenyewe ndiye aliyeuliza. Hakutangaza kwamba muujiza umekwisha. Na yule kipofu, aliyeletwa na watu waliomwombea, hakuona haya kusema kwamba bado. Hakumbembeleza Mponyaji kwa uongo. Alijibu kama alivyoona, ndipo mikono ikawekwa mara ya pili.

Twajiuliza kama angekuwa kwetu angethubutu. Angeogopa kwamba waliomleta watavunjika moyo, au kwamba watu watasema hana imani. Ndugu yangu mmoja katika upadre husema kwamba katika mikutano ya shukrani amesikia shuhuda nyingi, ila hajasikia hata mmoja asemaye, "Namshukuru Mungu, naona miti itembeayo." Maneno hayo yatufaa sana. Mgonjwa ambaye haruhusiwi kusema "bado" hatarudi hospitalini dalili zikirudi. Atajificha tena nyuma ya nyumba, kama alivyojificha miaka saba. Na safari hii hatakuwa na wa kumwambia, kwa sababu wote wameshashangilia kupona kwake.

Kwa hiyo twawaomba waume, wake, wazazi na wakwe mambo yaliyo mepesi kutenda. Msimwulize mgonjwa mbele za watu amekula kiasi gani. Mwulizeni faraghani, na jibu lake likiwa "bado," lipokeeni bila kuguna. Msimsukumie chakula kwa jina la upendo. Mwacheni aanze kabla ya wengine, au amalize baada yao, na mmoja abaki kuketi naye, maana kula peke yako wakati wote wameondoka ni upweke ambao asiyeuonja haujui. Akina mama watauliza tutapika mara mbili? Hapana, mara moja. Ila chungu cha mchuzi kiwe na maji zaidi, na tonge lake liwe laini. Watoto wafundishwe kwamba baba akisimama ghafla mezani hajakasirika. Kazi nzito za shamba na kubeba mizigo zingoje mpaka daktari aruhusu. Na Misa ya shukrani isiharakishwe kwa sababu tu waliochanga wataka kuona.

Neno la mwisho lahusu altare, kwa kuwa tumepata kuulizwa. Wako wagonjwa wa umio ambao wameacha kupokea Komunyo, wakiogopa kwamba Hostia itawakwama, au kwamba watairudisha mbele ya watu. Wasiiache. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 925, yaruhusu kwamba penye haja mtu apewe Ekaristi katika maumbo ya divai peke yake. Na aweza pia kupewa kipande kidogo sana cha Hostia, maana Kristu yu mzima katika kila chembe. Tena kanuni ya 919 yawaruhusu wagonjwa, pamoja na wawatunzao, kupokea hata kama wamekula kitu ndani ya saa moja iliyotangulia; basi mtu anayekula kidogo kidogo mara nyingi kwa siku asijifungie nyumbani kwa ajili ya hilo. Siku ya Mtakatifu Blasi, tarehe 3 Februari, waje kubarikiwa koo kwa mishumaa miwili kama wengine, na padre awakumbushe tarehe yao ya kurudi hospitalini.

Mgonjwa amwambie paroko wake kabla ya Misa, sakristiani, kwa maneno mawili tu. Naye paroko asimwulize mengi. Aandae kipande kidogo kando, au kikombe, na mtu huyo afikapo mbele yake ampe, kisha angoje mpaka ameze. Mstari utasimama kitambo, na walio nyuma yake watangoja.